Timu Yetu Inajengwa: Tutarajie Nini, na Tucheze Vipi?

Maneno ya Kamati ya Michezo mbele ya mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu

  

Sisi wa Kamati ya Michezo tumepewa nafasi ya kuzungumza kabla bakuli halijapita. Tunajua nafasi hii ni ya hatari, maana mtu anayesema kabla ya bakuli hushawishika kuahidi makubwa. Leo tumekubaliana tusiahidi makubwa. Tumekuja kueleza hali ya timu yetu ilivyo, tunachotaka kufanya, na jambo moja ambalo mkutano uliopita ulituachia bila jibu.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mzee wetu mmoja alisimama akasema, "Wanangu, msitudanganye tena. Timu imeshuka, wachezaji ni watoto. Mwaka huu isiburuze mkia, inatosha." Akapigiwa makofi. Hajakaa vizuri, akainuka kijana mmoja nyuma kule akasema, "Mzee wangu, shikamoo, lakini timu inayoingia uwanjani ili isiburuze mkia imeshaburuza." Naye akapigiwa makofi, tena na watu walewale. Tukacheka, tukala, tukaagana. Kamati ikabaki na swali: tumfuate nani? Na swali hili si la maneno tu, kwa sababu fedha zenu zitatumika kwa namna moja tukimfuata mzee, na kwa namna nyingine tukimfuata kijana.

Kwanza tukiri kosa, maana bila kukiri hatutaaminiwa. Tulipokuwa na fedha, tulizitumia kwa haraka. Tulitaka ubingwa wa msimu uleule, tukakodi wachezaji kutoka mjini, hao ambao kwenye ndondo tunawaita mamluki. Vijana wetu waliokuwa wakifanya mazoezi tangu msimu wa mvua wakaambiwa wakae benchi. Tukaweka na utaratibu wa kulipa posho kwa ushindi tu: mkishinda mnapata, mkifungwa hamna kitu. Tulidhani tunajenga ari. Kilichotokea ni kwamba timu ikifungwa mabao mawili kabla ya mapumziko, kipindi cha pili watu walikuwa wanatembea. Walikuwa wamekwisha kupiga hesabu kwamba posho ya leo haipo. Ligi ilipofika katikati na mfuko ukakauka, wageni wakapanda basi wakaenda zao. Vijana wetu hatukuwakuta pale tulipowaacha. Mmoja alikuwa keshanunua bodaboda kwa mkopo, wengine walikuwa baharini, na wawili walikuwa wanachezea timu ya jirani. Ndivyo tulivyoshuka. Kosa lile halikuwa la kocha wala la mwamuzi. Lilikuwa letu sisi tuliokuwa tunashika mfuko.

Kwa hiyo mzee yule alikuwa na haki ya kuogopa ahadi. Lakini tumsikilize na kijana, kwa sababu naye hakukosea.

Mfano wa karibu kabisa uko hapa mkoani kwetu. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu na kucheza msimu wake wa kwanza mwaka 2019/20. Timu ngeni, kutoka wilaya ambayo watu wengi wa Dar es Salaam walikuwa hawajawahi kufika, ingeweza kusema kwamba kubaki tu Ligi Kuu ni ushindi. Ikamaliza nafasi ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Mwaka huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Sumbawanga mwezi Agosti 2020, ikafungwa na Simba mabao 2-1. Na kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko ikaitoa Al-Hilal Obeid ya Sudan, kisha ikakutana na 1º de Agosto ya Angola. Safari ya Luanda ikaingia mkasa wa vipimo vya korona, mechi zote mbili zikaamriwa zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikaingia hatua ya makundi. Timu kutoka Lindi, kwenye kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana! Wengi wenu mliokuwa Dar mlikwenda uwanjani mkiwa mmevaa kanga na jezi, na hata waliokuwa hawajui Ruangwa iko upande gani wa barabara siku ile walikuwa Waruangwa.

Lakini habari hiyo tuisome mpaka mwisho, tusikate pale penye utamu. Kwenye kundi lile Namungo ilifungwa mechi zote sita. Hata mechi zake za nyumbani ilizichezea Dar es Salaam, si Ruangwa. Na tusijidanganye kwamba ilifika pale kwa ari peke yake. Ilikuwa na uwanja wake, Uwanja wa Majaliwa, ilikuwa na wafadhili, na ilikuwa na uongozi uliojipanga. Ari ilikuta mahali pa kukanyaga. Tena baada ya kufungwa zile sita haikuvunjika. Imeendelea kucheza Ligi Kuu msimu baada ya msimu, mara juu, mara katikati, mara ikihangaika. Sisi tunaona huko kuendelea ndiko kwenye somo kubwa kuliko ile nafasi ya 4.

Sasa, ili wenzetu wa Msimbazi na wa Jangwani wasigombane humu ndani, tutatoa mfano mmoja kwa kila upande.

Simba, msimu wa 2018/19, iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikaenda Kinshasa, AS Vita wakaifunga 5-0. Ikaenda Misri, Al Ahly wakaifunga 5-0. Mabao kumi kwa mechi mbili! Hapo kila mtu alikuwa na haki ya kusema kwamba tumeona ukubwa wetu, turudi nyumbani. Simba haikusema hivyo, lakini pia haikujidanganya kwamba itawafunga Ahly kwao. Iliutazama uwanja wa nyumbani ikasema hapa ndipo kwetu. Ikawafunga Ahly Dar es Salaam 1-0. Ikafungwa tena ugenini, Algeria. Mechi ya mwisho ikawafunga AS Vita 2-1, bao la pili likija dakika za mwishoni kabisa, ikaingia robo fainali. Pointi zake 9 zote zilipatikana nyumbani. Matarajio yake yalikuwa ya kweli, na uchezaji wake ulikuwa wa kutaka kushinda. Vyote viwili vilikuwa ndani ya timu moja, mwezi uleule.

Yanga nayo, msimu huohuo wa 2018/19, ilikuwa katika dhiki ya fedha. Bakuli lilipita kwa wanachama na mashabiki kama litakavyopita hapa leo, na kocha wao Mwinyi Zahera mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuhamasisha michango. Hawakuchukua ubingwa. Walimaliza wa pili. Wakakaa misimu minne mfululizo bila taji la ligi, mpaka 2021/22 walipolichukua, na msimu uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Mtu aliyetoa noti yake wakati ule wa bakuli hakuona kombe mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Lakini timu haikuzama, na ndiyo maana ilikuwepo timu ya kuja kuchukua kombe.

Ndugu zetu, tukiyatazama haya tunaona kwamba mzee na kijana hawakuwa wanabishana. Kila mmoja alikuwa anasema juu ya jambo lake. Mzee alikuwa anazungumzia msimu: ukiupima kwa jumla, timu hii inaweza kufika wapi? Kijana alikuwa anazungumzia mechi: mwamuzi akipuliza filimbi, mchezaji anaingia na nia gani? Kosa letu la zamani lilikuwa kuvichanganya. Tuliwapa wachangiaji ndoto ya kijana, kwamba mwaka huu kombe, na tukawapa wachezaji hofu ya mzee, kwamba mkifungwa hamna kitu. Tulitakiwa kufanya kinyume chake.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, tunalijua tangu utotoni. Mvuvi akitoka usiku na ngalawa yake hutazama upepo, hutazama maji. Maji yakiwa mafu anajua leo si siku ya kujaza dau, na hamwahidi mkewe nguru wawili. Lakini hakuna mvuvi anayeshusha mshipi huku moyoni anasema leo narudi mtupu. Angekuwa anaamini hivyo angelala. Anatega chambo vizuri, anakaa macho, anauvuta mshipi kwa akili zake zote, kwa maji mafu kama kwa bamvua.

Na tuitazame Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka, mawimbi yanakula ufuko, na mizizi inapasua mawe. Waliofanya kazi pale, wataalamu pamoja na wananchi wa visiwani, hawakuahidi kuirudisha Husuni Kubwa kama ilivyokuwa zama za masultani. Walisafisha vichaka, wakaimarisha kuta, wakapanda mikoko kuzuia mawimbi. Ilichukua miaka kumi. Mwaka 2014 magofu yakatolewa kwenye orodha ile ya hatari. Miaka kumi ya kazi ambayo mpita njia asingeona tofauti ya leo na jana! Lakini kila fundi aliyeziba ufa alitaka ufa ule uzibike sawasawa, si kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye timu yetu. Msimu uliopita tulirudi kwenye ligi ya wilaya na vijana wa nyumbani watupu. Tulifungwa mara nyingi kuliko tulivyoshinda. Hatulifichi hilo. Kuna mechi moja tulifungwa vibaya ugenini. Kwenye koasta wakati wa kurudi hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika Nangurukuru. Tukashuka kunywa chai. Nahodha, kijana ambaye bado yuko sekondari, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kesho mazoezi saa ngapi?" Kocha akamjibu, "Saa kumi jioni, kama siku zote." Kesho yake saa kumi wote walikuwepo, isipokuwa mmoja aliyeumia kifundo, naye alikuja kukaa pembeni na kuokota mipira. Hatuna kombe la kuwaonyesheni leo. Tuna habari ya vijana ambao siku moja baada ya kufungwa walikuja mazoezini wote. Ule msimu wa mamluki hatukuwahi kuipata.

Kwa hiyo tunawaletea mpango wa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza hatuahidi ubingwa. Tunaahidi timu ya vijana wa kwetu, wakubwa na wadogo, wenye kocha mwenye cheti anayelipwa kwa wakati. Tutapimwa kwa mahudhurio ya mazoezi, kwa mabao tunayofungwa kuwa machache kuliko msimu uliopita, na kwa kumaliza nusu ya juu ya ligi ya wilaya. Mchezaji anayesoma atakayeacha shule kwa sababu ya mpira hatutamhesabia kuwa ni mafanikio yetu.

Mwaka wa pili tunalenga ubingwa wa wilaya na kurudi ligi ya mkoa. Tumesema tunalenga. Tukikosa kwa pointi mbili hatutavunja timu.

Mwaka wa tatu tunataka twende Uwanja wa Ilulu pale Lindi kugombea ubingwa wa mkoa na timu yoyote itakayokuwepo, bila kumwogopa mtu. Juu ya hapo bado kuna mabingwa wa mikoa, kuna First League, kuna Championship, kisha ndiyo Ligi Kuu. Ngazi ni ndefu. Anayewaambia kwamba tutairuka anataka fedha zenu, hataki timu yenu.

Huo ndio upande wa matarajio. Upande wa ari, tumekubaliana na kocha na wachezaji mambo matatu. La kwanza, kila mechi inachezwa ili ishindwe, iwe na vinara au na wanaoburuza mkia, na hakuna kiongozi atakayeingia chumba cha kubadilishia nguo kuwaambia vijana kwamba leo sare inatosha. La pili, posho itakuwa ya kuhudhuria na kucheza, sawa kwa wote, tukishinda au tukifungwa, ili asiwepo mtu wa kupiga hesabu ya fedha timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili. La tatu, hakuna mamluki. Mgeni anayeishi kwetu, anayefanya mazoezi na wenzake tangu mwanzo, huyo ni wetu. Anayeshuka kwenye basi siku ya mechi hatumtaki, hata awe fundi kiasi gani.

Na nyinyi wachangiaji tunawaombeni mambo mawili zaidi ya fedha. Tunaomba msimpigie kocha simu usiku tukifungwa. Tupigieni sisi, namba zetu mnazo na matusi tumeyazoea. Tena tunaomba mtu asije kwa nyuma kumwahidi mchezaji mmoja mmoja zawadi yake ya siri akifunga bao. Mnamharibia kijana, na mnaiharibu timu, kwa sababu siku hiyo hatatoa pasi.

Mahitaji yenyewe mtayaona kwenye jedwali la kijitabu hiki: mipira, jezi, njumu kwa wasio nazo, sanduku la huduma ya kwanza, nauli za mechi za ugenini, posho ya kocha, na kusawazisha uwanja ambao mvua umeuchimba mashimo. Mnajua mvua zetu. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika pale Somanga, tukawa kisiwa, huku tumekaa na huku hatupitiki. Mafundi walipofika hawakuanza na daraja la kudumu. Walifanya kwanza magari yapite, watu wafike hospitali na bidhaa zifike sokoni, kisha kazi ya kudumu ifuate. Hakuna aliyewalaumu kwamba hawana malengo makubwa. Na sisi mwaka huu tunaomba fedha za kupitisha magari. Mwaka ujao, tukijaaliwa, tutakuja kuomba za daraja.

Matumizi yatabandikwa ubaoni kila baada ya miezi mitatu, na nakala italetwa kwenye chama hapa Dar es Salaam. Mtu yeyote atakayetaka kuona risiti ataonyeshwa. Mara ile hatukufanya hivyo, na tuliona ilipotufikisha.

Yule mzee aliyesimama mkutano uliopita yuko hapa leo, tumemwona safu ya mbele. Mzee wetu, shikamoo. Tumekusikia: hatutakuahidi kombe. Na yule kijana tumemwona nyuma, amesimama maana viti vimekwisha. Kijana wetu, nawe tumekusikia: hatutakupa timu inayoingia uwanjani imeshafungwa. Tunawaombeni nyote wawili muwe wa kwanza kutia mkono kwenye bakuli, kila mmoja kwa alichonacho. Haba na haba hujaza kibaba.

 Mwenyezi Mungu aibariki Kilwa, aibariki Lindi yote, na awabariki vijana wetu ambao kesho saa kumi jioni, wakati sisi tunarejea makazini kwetu, watakuwa uwanjani.